Hati tunayo, wauguzi hawabaki: chuo cha afya kishirikiane vipi na hospitali na halmashauri?

Swali: Mimi ni mjumbe wa bodi ya chuo kidogo cha afya katika mkoa wa Dodoma. Tunafundisha uuguzi na ukunga pamoja na utabibu, na kwa miaka mitatu sasa tuna hati ya makubaliano na hospitali ya wilaya ambako wanafunzi wetu hufanya mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo wanafunzi wanalalamika kuwa wanasongamana wodini bila kufundishwa, wauguzi wa hospitali wanalalamika kuwa tunawaongezea mzigo, na wahitimu wetu wengi wanakwenda Dar es Salaam au wanakaa nyumbani bila kazi, ilhali zahanati za vijiji jirani zina mtumishi mmoja au wawili. Nimesoma kwamba vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vyuo vya eneo husika vyenye kozi za takriban miaka miwili, hushirikiana na hospitali za maeneo yao na hupata wauguzi wanaobaki. Sisi tunakosea wapi?

Jibu: Ndugu Mjumbe, malalamiko matatu uliyoyataja yana chanzo kimoja. Hati za aina hii, kama nilivyoziona katika vyuo vingi, huwa za pande mbili na huzungumzia jambo moja tu, yaani ruhusa ya wanafunzi kuingia wodini. Hazisemi nani atagharamia muda wa muuguzi anayemfundisha mwanafunzi kando ya kitanda, wala hazimhusishi yule anayeshika ikama, yaani idadi iliyoidhinishwa ya watumishi wa zahanati, ambaye ni halmashauri. Kwa hiyo chuo hupata mahali pa kupeleka wanafunzi, hospitali hupata wageni wengi, na kijiji hakipati kitu.

Nianze na Marekani kwa kuwa umeitaja, ili tujue lipi la kuchukua na lipi la kuacha. Chuo cha jamii cha umma cha kwanza nchini humo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901, lakini uhusiano wa vyuo hivyo na uuguzi ulipata sura yake ya sasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hospitali zilipokuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Kabla ya hapo wauguzi wengi walisomea katika shule zilizomilikiwa na hospitali zenyewe, kwa kawaida miaka mitatu, na mwanafunzi mara nyingi alitumika kama kibarua wa wodi kuliko kufundishwa. Mwaka 1952 Mildred Montag, wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, aliongoza majaribio ya miaka mitano katika vyuo saba vya jamii na shule moja ya hospitali, ambamo mwanafunzi alikuwa wa chuo wala si wa hospitali, akasoma takriban miaka miwili, akaenda wodini akiwa na mkufunzi wake na jambo mahususi la kujifunza siku hiyo, kisha akafanya mtihani wa leseni uleule uliofanywa na wauguzi wengine. Mpango huo ulienea nchi nzima, na hadi leo sehemu kubwa ya wauguzi wa Marekani huanzia huko.

Hayo yamewezekana kwa sababu ya mambo yanayoonekana madogo. Hospitali hukaa katika kamati inayokishauri chuo kuhusu kada zinazohitajika. Huazima baadhi ya wauguzi wake wakawa wakufunzi, na mara nyingi huwalipia karo watumishi wake wa ngazi za chini ili wajiendeleze. Mwanafunzi mwenyewe kwa kawaida ni mtu wa hapohapo, pengine mzazi mwenye watoto, anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Akihitimu hana sababu ya kuhama. La kutochukuliwa ni mfumo wa fedha na wa ajira. Vyuo vingi vya huko hupata sehemu ya mapato yake kutokana na kodi ya majengo ya wilaya vilivyomo, na hospitali huajiri anayemtaka siku inayomtaka. Kwetu mtumishi wa zahanati ya Serikali huajiriwa kwa kibali kinachotoka juu, kwa hiyo makubaliano yoyote yanayoiacha halmashauri nje ya mlango yatazaa wahitimu wasio na pa kwenda, hata kama ufundishaji ni mzuri kiasi gani.

Wala tusidhani kwamba wazo lenyewe ni geni kwetu. Kituo cha kufundishia wahudumu wa tiba wa vijijini kilianzishwa Ifakara mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru, kando ya hospitali ya misheni, kwa lengo la kuandaa watu wa kwenda vijijini. Katika kanda yetu ya kati, Mvumi na Itigi zina hospitali na chuo vinavyoishi pamoja kama mama na mwana, na hospitali ya Mirembe imekuwa kwa miongo mingi mahali pa kujifunzia kuwahudumia wagonjwa wa akili. Nguvu ya mahali kama hapo ni kwamba muuguzi mfawidhi wa wodi anamjua mwanafunzi kwa jina, anajua alichoshindwa wiki iliyopita, na anajua kwamba huenda mwaka kesho akawa naye zamu moja. Vyuo vilipoongezeka haraka bila kuwa na hospitali zake, ujuano huo ulipotea na hati ya makubaliano ikawekwa mahali pake.

Nimekuwa mkufunzi wa vitendo kwa muda mrefu, na kuna siku moja ambayo haijanitoka moyoni. Katika hospitali ambayo sitaitaja nilikuta wanafunzi 19 wa vyuo vitatu tofauti wamekizunguka kitanda cha mama aliyekuwa akisukuma mtoto. Mkunga wa zamu alikuwa mmoja na alikuwa na kina mama wengine wanne wa kuangalia. Hakuna aliyemwomba mama yule ridhaa, na hakuna aliyemfunika. Wanafunzi wa mstari wa nyuma walikuwa wakiandika kwenye vitabu vyao vya vitendo kwamba wameshiriki kuzalisha. Yule mkunga hakuwa mvivu wala mkali. Alikuwa amepewa kazi mbili na mshahara wa kazi moja, na hakuna mtu wa chuo chochote aliyekuwapo kumsaidia kuitimiza ile ya pili. Naomba mjue kwamba mwanafunzi anayejifunza hivyo hujifunza pia kwamba utu wa mgonjwa unaweza kusubiri, na somo hilo hukaa naye kuliko yote aliyoyasoma darasani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo bodi yenu inapaswa kulifanya ni hesabu. Tuseme mnataka kila mwanafunzi wa ukunga azalishe kina mama 20 chini ya usimamizi kabla ya kuhitimu, na mna wanafunzi 40. Hao ni kina mama 800. Ikiwa kina mama 60 hujifungulia katika hospitali yenu kwa mwezi, mngehitaji zaidi ya miezi 13, na hapo ni iwapo kila mama anayejifungua, usiku na mchana, atahudumiwa na mwanafunzi wenu, na hakuna chuo kingine kinachotumia wodi hiyo. Mkishaiweka hesabu hiyo mezani mtaona kwamba mna njia mbili tu za uaminifu: kupunguza udahili au kuongeza vituo vya mafunzo. Najua kupunguza udahili kunagusa karo, na karo ndiyo mishahara ya wakufunzi wenu, lakini chuo kinachodahili kuliko wodi zake zinavyobeba kinauza cheti ambacho hakina mikono ndani yake.

Kuhusu kuongeza vituo, hali ya sasa ni bora kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Tangu mwaka 2017 Serikali imekuwa ikiboresha vituo vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi, na hospitali mpya za wilaya zimejengwa katika halmashauri ambazo hazikuwa nazo. Kina mama wengi sasa hujifungulia katika vituo vya afya vya kata, ambako mwanafunzi hapangi foleni nyuma ya wenzake kumi na tisa. Wanafunzi wanne katika kituo cha afya chenye mkunga mzoefu watajifunza zaidi kwa wiki sita kuliko 30 katika hospitali ya mkoa kwa miezi mitatu. Gharama yake ni nyumba ya kulala, chakula, usafiri na ziara za mkufunzi, na gharama hizo ziingizwe kwenye bajeti ya chuo tangu mwanzo wa mwaka.

Mafunzo ya huko kwenye kata yana faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye mitaala. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na baadhi wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyoyahifadhi nyumbani. Mgonjwa wa namna hiyo huja na macho ya manjano na tumbo lililovimba, na tabibu ambaye hajawahi kuuliza familia inahifadhi wapi mahindi na yamevunwa katika hali gani atatafuta sababu kila mahali isipokuwa ghalani. Vivyo hivyo kwa trakoma, iliyopofusha watu wengi katika wilaya kama Kongwa na Chamwino, ambako maji ni ya shida na nzi ni wengi. Mwanafunzi aliyekaa na familia hizo anajua kwa nini mama aliyetembea kilomita tano kutafuta ndoo moja ya maji haitumii kuwaosha watoto nyuso mara tatu kwa siku. Atazungumza naye kwa heshima, na pengine kwa Kigogo, na ataeleweka.

Sasa nije kwenye mkufunzi wa kando ya kitanda, kwa sababu hapa ndipo ushirikiano mwingi hufa, na hapa pia tuna ushahidi mzuri kutoka karibu nasi. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilishiriki katika mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Watumishi walifundishwa kwa siku moja kwa kutumia mdoli, na walipopimwa baadaye walifanya vizuri zaidi kwa mdoli huo, lakini huduma halisi waliyowapa watoto wodini haikubadilika. Hospitali ilipobadili utaratibu, watumishi wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale wodini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Mara nyingi huwasimulia wakuu wa vyuo habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba ujuzi wa mikono haujengwi kwa semina wala kwa chumba cha stadi peke yake, hata kikiwa na vifaa vya gharama. Unajengwa kidogo kidogo, mahali pa kazi, na mtu aliyepo pale kila siku. Mtu huyo si mkufunzi wa chuo anayekuja Jumatano kusaini vitabu. Ni muuguzi wa zamu, naye ni mtumishi wa hospitali.

Basi hati yenu mpya imtaje. Iseme kwamba katika kila wodi inayopokea wanafunzi kutakuwa na muuguzi au tabibu mlezi, atakayechaguliwa na hospitali, atakayefundishwa na chuo namna ya kufundisha na kupima, na atakayepunguziwa idadi ya wagonjwa au kulipwa posho kwa kazi hiyo. Iseme idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila mlezi katika zamu moja, na iipe hospitali haki ya kuwarudisha wanaozidi. Iseme pia chuo kitaleta nini, maana wanafunzi hutumia glavu, sabuni na barakoa za hospitali, na nimeona ugomvi mkubwa ukianzia kwenye katoni moja ya glavu. Chuo kiwachanje wanafunzi dhidi ya homa ya ini aina ya B kabla hawajagusa mgonjwa wa kwanza, na hati ieleze mwanafunzi aliyejichoma sindano atapelekwa kwa nani, usiku au mchana, kwani dawa kinga dhidi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Mwanafunzi wa miaka 19 akiwa zamu ya usiku hatakiwi kuanza kutafuta namba ya simu ya mlezi wa wanafunzi.



Linabaki suala la wahitimu kubaki, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2010 na kuuhuisha mwaka 2021, na ushauri wake wa kwanza ni rahisi kuueleza: chagua wanafunzi waliokulia vijijini, wafundishe karibu na vijijini, na wape mafunzo ya vitendo hukohuko. Ugumu wake kwetu ni kwamba anayetaka kusomea uuguzi au utabibu lazima awe amefaulu kidato cha nne akiwa na Kemia, Baiolojia na Fizikia, na katika shule nyingi za kata msichana anaweza kumaliza miaka minne bila kuwa na mwalimu wa kudumu wa Fizikia. Chuo kinachotaka wauguzi kutoka Chemba au Bahi hakiwezi kusubiri fomu za maombi zifike. Wakufunzi wenu wa sayansi wanaweza kwenda kufundisha Jumamosi katika shule mbili au tatu mlizochagua, na maabara yenu inaweza kupokea wanafunzi wa kidato cha tatu wakati wa likizo. Ni kazi ya miaka minne kabla ya kuona matunda, na sijui njia ya mkato.

Kundi jingine la kuliangalia ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa Taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafundisha na kuwaweka kazini zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano, watu wanaotoka katika vitongoji na mitaa wanayoihudumia. Miongoni mwao watakuwapo wenye sifa za kujiunga na astashahada, na wengine ambao somo moja tu limewakwamisha. Hao tayari wana nyumba, mashamba na familia hapa, na wameshaonyesha kwamba wanaweza kuamka usiku kumsindikiza mjamzito. Kwa maoni yangu, chuo cha mkoa wa Dodoma kitakachowatafuta hao na kuwajengea ngazi ya kupanda kitafanya jambo lililo karibu kabisa na lile uliloliona Marekani, na kitalifanya kwa namna yetu. Kwa ngazi ya stashahada ikumbukwe pia kuwa tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya elimu ya juu imefunguliwa kwa baadhi ya fani, sayansi za afya zikiwamo, kwa hiyo mwombaji maskini asikatishwe tamaa kabla hajaelezwa.

Huenda mmeshafikiria kumfunga mwanafunzi kwa mkataba: halmashauri au chuo kimlipie karo, naye arudi kutumikia miaka kadhaa. Naukubali utaratibu huo kwa sharti moja ambalo silegezi. Nafasi ya kazi iwepo na iandikwe. Kumfunga kijana kwa deni la kurudi kwenye zahanati ambayo haina kibali cha kumwajiri ni kumdhulumu, na nimeshuhudia vijana waliokaa miaka miwili wakijitolea bila posho ya nauli huku wakiambiwa wavumilie. Hapo ndipo Mkurugenzi wa halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya wanapopaswa kuwa wahusika wa hati, wenye saini na wajibu, badala ya kuwa wageni waalikwa wa mahafali. Halmashauri inaweza kueleza ni zahanati zipi zina upungufu wa kada gani, nani anastaafu katika miaka mitatu ijayo, ni nafasi ngapi itaziombea kibali, na ni ngapi itaweza kuzijaza kwa ajira ya mkataba kutoka mapato ya ndani, kama baadhi ya halmashauri zinavyofanya. Chuo nacho kidahili kwa kuangalia orodha hiyo. Ikiwa orodha inaonyesha kwamba wilaya itahitaji wakunga 12 na wataalamu wa maabara watano, hakuna sababu ya chuo cha wilaya hiyo kutoa matabibu 90.

Hospitali na zahanati za taasisi za dini zisisahaulike katika mazungumzo hayo. Nyingi zina mkataba wa huduma na halmashauri, nazo huajiri zenyewe, kwa hiyo zinaweza kumchukua mhitimu wakati kibali cha Serikali kikisubiriwa. Nyumba ya mtumishi nayo iwekwe kwenye orodha. Muuguzi kijana anayepangwa kijijini asipate hata chumba chenye mlango unaofungika ataomba uhamisho kabla ya mvua za pili, na sitamshangaa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huanza kuandaa mpango wake wa afya miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo msisubiri hati ya sasa iishe muda wake. Mwombeni Mganga Mkuu wa Wilaya kikao kimoja kabla maandalizi hayo hayajaanza, mwende na muuguzi mfawidhi wa hospitali pamoja na mjumbe wa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, mkiwa na karatasi moja yenye namba tatu: kina mama wanaojifungulia katika kila kituo kwa mwezi, wauguzi na matabibu walio tayari kuwa walezi, na nafasi zilizo wazi katika kila zahanati. Mkishakubaliana juu ya namba hizo, mwanasheria wa halmashauri ataiandika hati mpya kwa siku mbili.